Sonde ya kave ya divai inadanganya upande gani?

Mama mmoja mwenye mgahawa kule Golf, hapa Lubumbashi, alinipigia simu kuhusu kave yake, lile kabati la kupoozea divai, saa moja asubuhi, mwezi wa Januari, mvua ikipiga mabati ya karakana yangu Kamalondo hadi nikawa namsikia nusu nusu. "Papa fundi, kave imeharibika tena. Kioo kinasema 13, lakini chupa ya maji niliyoiacha humo imekuwa jiwe."

Nikamuuliza kama divai nayo imeganda. Akanyamaza. Nikasikia mlango ukifunguliwa na chupa zikigongana. "Hapana, divai ni sawa. Baridi tu, mpaka mkono unauma."

Jibu hilo lilinifaa kuliko picha kumi za WhatsApp. Maji huganda kwenye sifuri. Divai yenye kileo cha asilimia 12 hivi huganda chini zaidi, karibu −5. Basi ndani ya kave ile palikuwa chini kidogo ya sifuri na si zaidi sana, huku kioo cha namba kikitangaza 13. Sonde, kile kipimo kidogo cha joto kilichomo ndani, ikichakaa hupotea nyuzi mbili tatu, pengine tano. Kupotea nyuzi 13 ndani ya juma moja ni habari nyingine. Nikamuuliza nani aliigusa mara ya mwisho, akaniambia kuna kijana alikuja kuweka sonde mpya siku sita zilizopita.

Nitamrudia. Kwanza tuelewane kuhusu kave yenyewe, maana wengi wanaichukulia kama frigo yenye mlango wa kioo. Frigo ya nyumbani hulenga nyuzi 4 hivi. Kave ya kutunzia divai (mvinyo, kama wasemavyo jirani zetu wa Tanzania) inatakiwa itulie kwenye 12 au 13, na ile ya vyumba viwili huweka nyeupe kwenye 8 hadi 12 na nyekundu kwenye 15 hadi 18, tayari kwa meza. Kosa la nyuzi tatu kwenye frigo la nyama hakuna atakayeliona. Kwenye kave, mteja anaonja nyekundu iliyofungwa mdomo kwa baridi na kumrudishia mhudumu chupa iliyopanda kutoka Afrika Kusini, ikavuka Zambia na kulala kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa.

Hapa Lubumbashi, namba ikiwa ya ajabu, hukumu hutoka palepale: sonde imekufa. Imekuwa mshtakiwa wa kwanza kwa sababu ni ndogo, bei yake ni dola chache, na fundi anaweza kuibadilisha kwa dakika kumi akapokea cha mkono. Miaka yangu ya mwanzo nami nilifanya hivyo. Nusu ya sonde nilizotupa zilikuwa nzima.

Sonde haijui joto. Ni tone la kauri dogo kuliko punje ya mahindi, limefunikwa kwa plastiki nyeusi au kikofia cha chuma, na nyaya mbili zinatoka. Kazi yake ni moja tu: ukinzani wake, yaani jinsi inavyouzuia umeme kupita, hupanda inapopoa na hushuka inapopata joto. Ukinzani hupimwa kwa omu. Aina iliyozagaa zaidi ina omu 10,000 kwenye nyuzi 25. Ikipoa hadi 12 inakaribia 18,000. Kwenye sifuri inafika kati ya 27,000 na 33,000, kutegemea ukoo wake. Kadi ya elektroniki inapitisha volti ndogo, mara nyingi 5, kwenye resista moja (kijipande chenye ukinzani usiobadilika) kisha kwenye sonde, inapima volti zilizo katikati ya hizo mbili, halafu inatazama jedwali lililoandikwa kiwandani: volti kadhaa, basi nyuzi kadhaa. Namba inayowaka kwenye kioo ni tafsiri ya ukinzani, na kadi iliyoitafsiri haina njia nyingine ya kujua humo ndani kuna nini.

Ukishalishika hilo, swali la kwanza halitakuwa tena "sonde ni nzima au imekufa?" Swali litakuwa: inadanganya upande gani?

Chukua waya uliopata kutu mahali ulipoungwa. Kutu huongeza ukinzani. Tuseme imeongeza omu 3,000 juu ya zile 18,000 za nyuzi 12. Kadi inaona 21,000, inasoma 9, na inaamini kazi imekwisha. Kompresa inazima mapema, divai inabaki vuguvugu, na mwenye kave analalamika kwamba mashine haipoozi. Anaitwa mtu wa gesi ya kupoozea. Gesi inaongezwa kwenye mfumo ambao haukukosa gesi. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja, na kutoa gesi iliyozidi ni kazi ngumu kuliko kuifuta kutu ile kwa kipande cha msasa.

Sasa geuza. Unyevu umepenya ndani ya kichwa cha sonde, ukifuata nyaya taratibu, msimu wa mvua baada ya msimu wa mvua. Maji yanafungua njia ya pili ya umeme kando ya ile kauri, na njia mbili zikikaa sambamba, ukinzani wa jumla hushuka. Ikiwa njia hiyo ya maji ina omu 100,000, zile 18,000 zinakuwa kama 15,300. Kadi inasoma nyuzi 15 na nusu wakati humo ni 12. Inaamuru baridi zaidi. Divai inapoa kupita kiasi, barafu inajaa kwenye bamba la nyuma, na kompresa haipumziki. Dalili ni kinyume kabisa cha ile ya kwanza, ingawa sonde ni ya aina ileile na kave ni ileile.

Waya uliokatika kabisa kadi huuona kama baridi isiyo na mwisho. Nyaya zilizogusana huonekana kama moto wa jehanamu. Viwanda vingi vimeliwazia hili, ndiyo maana kioo huandika herufi E na namba badala ya nyuzi. Lakini tahadhari: E1 ya kiwanda kimoja si E1 ya kingine. Usikariri kwa jirani, soma kitabu cha kave yako, na kama kimepotea, basi angalau ujue kwamba herufi hiyo inalaumu njia nzima ya sonde: tone, waya, soketi na mguu wake kwenye kadi.

Kabla ya kufungua hata skrubu moja, hakikisha kuna uongo. Huwezi kujua kwa kuweka kiganja humo. Chukua glasi ya maji, iweke katikati ya rafu, tumbukiza kipimajoto ndani yake, funga mlango, na usiufungue hadi kesho yake. Hewa ndani ya kave hupanda na kushuka kila kompresa inapowaka na kuzima, na sonde nyingi hupima hewa. Chupa na glasi hubadilika polepole, kwa hiyo zinakupa wastani. Kioo kikiruka kati ya 10 na 14 huku maji yakikaa 12, hakuna ugonjwa. Wateja wawili nimewaponya kwa glasi ya maji tu. Sikuwalipisha, jambo ambalo mke wangu hajalisahau.

Na kuna kalenda ya mji huu, ambayo kitabu cha kiwandani hakiijui. Juni na Julai usiku wetu hushuka chini ya nyuzi 10. Mtu ameweka kave yake barzani, ameiamuru 13, na barza yenyewe asubuhi ni 9. Ananiita: "Papa, haiwaki siku ya tatu." Iwake kwa nini, wakati nje kumeshapoa kuliko alivyoagiza? Oktoba inakuja na shida ya upande wa pili. Jua limeiva, mvua bado, vumbi jekundu la kiangazi limeziba mabomba ya nyuma yanayotoa joto, na kave inasoma 17 kwa sababu kweli ni 17. Hapo piga brashi mabomba, angalia feni, bana karatasi kwenye mlango ukiufunga: ikichomoka bila kushikwa, mpira wa mlango umelegea.

Zile kave ndogo zisizo na kompresa zinateseka zaidi Oktoba. Zinatumia jambo alilogundua Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834: ukipitisha umeme kwenye maungio ya metali mbili tofauti, upande mmoja hupoa na mwingine hupata joto. Hazina kelele, zinapendeza sebuleni, lakini uwezo wake hupimwa kutoka joto la chumba kushuka chini. Chumba kikipanda, nazo zinapanda nacho. Ukinunua ya namna hiyo uiweke jikoni, usimlaumu sonde.

Tuseme sasa glasi imethibitisha uongo. Chomoa kave kwenye umeme. Nasema chomoa, usibonyeze kitufe tu, kwa sababu kadi huendelea kuwa na umeme wa ukutani hata taa zikiwa zimezimwa. Tazama pia kibandiko kwenye kompresa: kikiandikwa R600a, gesi iliyomo inawaka kama ya kupikia. Kubadilisha sonde hakuhitaji kugusa mabomba, basi usipeleke moto wala kisu huko nyuma.

Tafuta soketi ndogo nyeupe inapoingia kwenye kadi, ichomoe, weka multimeta (kile kipimo cha umeme) kwenye omu, gusa nyaya mbili. Chumba kikiwa na nyuzi 25, sonde ya kawaida itakupa 10,000 hivi. Ibane kiganjani. Namba inatakiwa ianze kushuka papo hapo, taratibu na bila kuruka, hadi karibu 6,500 au 7,000. Ikiruka, kuna mkatiko. Tikisa waya huku ukitazama, hasa mahali unapopita bawaba, maana kave zenye vitufe mlangoni hukunja nyaya kila mteja mpya anapoagiza chupa. Fuata waya wote kwa macho pia. Panya wa mji huu hawabagui kati ya mfuko wa unga na waya wa sonde.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha barafu. Ponda barafu, jaza kikombe, ongeza maji kidogo tu yazibe mianya, koroga, subiri dakika tano. Hapo una sifuri ya bure. Funga sonde kwenye kifuko cha plastiki, tumbukiza, soma. Kama imeandikwa 10,000 kwenye 25 na hapa inakupa 31,000, ni nzima. Ikikupa 21,000, ina maji ndani. Iache juani siku nzima uipime tena barafuni: ukinzani ukiwa umepanda, umemkamata mwizi. Usifurahi ukairudisha ndani, lakini. Ufa ulioingiza maji bado upo.

Kuna wanaotumia maji yanayochemka kama kipimo cha pili, wakihesabu 100. Sisi tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hapa maji huchemka karibu 96. Bukavu na Goma, huko juu ya ziwa Kivu, ni karibu 95. Ukitafuta 100 Lubumbashi utatupa sonde nyingi zisizo na hatia. Barafu haina tatizo hilo, na isitoshe, plastiki ya sonde za kave haikutengenezewa kupikwa.

Sonde ikipita mitihani yote, mshukiwa ni kadi, na kumkamata ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Vunja redio ya zamani, tafuta resista yenye mikanda ya kahawia, nyeusi na rangi ya machungwa: hiyo ni omu 10,000. Ichomeke mahali pa sonde, rudisha umeme, soma kioo. Kikionyesha 25 au karibu yake, kadi inasoma vizuri. Weka ya kahawia, kijivu na machungwa, yaani 18,000, utaona 12 hivi. Kadi ikikuonyesha 30 kwa resista isiyojua hata baridi ni nini, sonde imeshinda kesi. Kave ya vyumba viwili inakupa njia fupi zaidi: badilishana soketi za sonde za vyumba hivyo, kama ni za aina moja. Kosa likihamia chumba cha pili, limefuatana na sonde. Likibaki palepale, liko kwenye kadi.

Kadi zinakufa sana hapa, na nyingi hufia dakika umeme unaporudi baada ya delestaji, yaani mgao wa umeme, volti zikiwa zimepanda kabla mtaa mzima haujawasha vitu vyake. Stabilizateri nzuri, ile inayotuliza volti, ni nafuu kuliko kadi. Na umeme ukirudi, kave ikikaa dakika tatu hadi tano bila kuwasha kompresa, iache. Inasubiri shinikizo kwenye mabomba lisawazike. Kave nyingine husahau namba uliyoiweka na kurudi kwenye ya kiwandani, kisha mwenyewe anadhani sonde imechanganyikiwa.

Nikafika Golf saa nne. Kave ilikuwa inanguruma kwenye kona ya baa, jasho limetiririka kwenye kioo cha mlango. Mama alikuwa amezihamishia chupa kwenye makreti ya bia. Nikaizima, nikaacha mlango wazi, tukanywa chai. Baada ya saa moja hivi kipimajoto changu kwenye rafu kikasoma 25, sawa na chumba. Nikawasha. Kioo kikaandika 41.

Mama akacheka. "Arobaini na moja! Hata Oktoba hatufiki."

Nikachomoa soketi, nikapima. Omu 5,000.

Hapo hesabu yote ikafunguka. Kadi yake ilitengenezewa sonde ya 10,000. Kijana aliyekuja aliweka ya 5,000. Zote mbili zipo sokoni, zote zina kichwa cheusi na nyaya mbili nyeupe, zote zinaingia soketi moja, na muuzaji huzimwaga kwenye sanduku moja. Kadi ikipata 5,000 inatazama jedwali lake na kukuta kwamba ukinzani huo ni wa nyuzi 41. Ili isome 12, sonde ingelazimika kufika 18,000, na sonde ya 5,000 haifiki huko mpaka ipoe hadi karibu −1.5. Basi mashine maskini ilikuwa inakimbiza −1.5 usiku na mchana, imefika chini kidogo tu ya sifuri, inasoma 13, inaona imebaki nyuzi moja, inaendelea. Haikukosea hata hatua moja. Sonde nayo ilikuwa mpya na nzima.

Nikamuuliza ile ya kwanza, ya kiwandani, iko wapi. Alikuwa ameihifadhi kwenye droo ya vizibo. Barafu alikuwa nayo ya baa. Ikatupa 32,000 kwenye kikombe, yaani nzima kabisa. Wakati huo mama ndiye aliyeuliza swali ambalo yule kijana alitakiwa aulize: "Kama ilikuwa nzima, kwa nini kave ilikataa kupoa kabla ya Noeli?" Nikainama na tochi. Kwenye soketi ya kadi, mguu mmoja ulikuwa wa kijani. Kutu. Kioo kilisoma chini, kompresa ikazima mapema, divai ikawa vuguvugu, ikaitwa sonde mpya. Kosa la kwanza liliegemea upande wa joto, na dawa yake ikaliangusha upande wa baridi. Kutu yenyewe ilikuwa bado ipo: kuchomeka soketi upya kuliikwaruza tu, ikapitisha umeme vizuri kwa muda.

Nilisafisha mguu kwa msasa laini na spiriti, nikakaza meno ya soketi kwa sindano, nikarudisha sonde yake ya zamani mahali palepale ilipokuwa, sentimita mbili kutoka ukutani. Mahali hapo pana maana: ikigusa bamba la baridi itasoma baridi ya bamba, ikigusa chupa itasoma chupa. Kama ningelazimika kuunga waya, ningelehemu kwa risasi na kufunika kwa ule mpira unaojikaza kwa joto, maana kiungo kilichosokotwa na kufungwa selotepu humo ndani ya unyevu hakimalizi mwaka kabla hakijaota kijani.

Kesho yake akanitumia picha ya glasi ya maji. Kipimajoto kilisoma 12.4, kioo 12. Ile sonde ya 5,000 niliizungushia kipande cha tepu, nikaandika 5 kwa kalamu nyekundu, nikaitia kwenye kopo la maziwa pamoja na nyingine. Kuna frigo moja pale Katuba inaihitaji.